Kulipia Shamba Kabla ya Mvua

Huku Terrat, kusini mwa mji wa Arusha, mashamba hukodiwa mwezi wa kwanza. Mahindi ya mwaka uliopita yameshauzwa au yameshaliwa, watoto wanarudi shule, na matrekta yameanza kupita barabarani yakitafuta kazi. Anayetaka kulima masika humtafuta mwenye shamba, wakaelewana bei ya ekari, fedha ikahesabiwa mbele ya mashahidi, karatasi ikasainiwa. Mvua ikija, itakuja Machi. Mahindi yatakauka Julai au Agosti. Miezi yote hiyo hela ya mkulima iko kwa mwenye shamba, na mara nyingi imekwisha kutumika kabla jembe halijagusa udongo.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na tangu nikiwa kazini nimekuwa nikikodi ekari chache Terrat. Nalima mahindi na maharage, na mwaka mwingine ngwara, zao la jamii ya kunde, kwa kuwa ina soko Kenya. Bei ya kukodi imepanda mbele ya macho yangu. Kila mkulima wa huku atakwambia hivyo, na atakwambia kwa hasira. Ninaielewa hasira hiyo, lakini naona inaangalia upande mmoja. Kiasi tunacholipa kimepanda, kweli. Kilichotuumiza zaidi ni siku ya kulipa. Zamani mwenye shamba aliyasubiri mavuno pamoja na mkulima, na mavuno yakikosekana walikosa wote. Siku hizi anayesubiri ni mkulima peke yake. Badiliko hilo lina historia, na historia hiyo inaanzia mlimani.

Ukitoka mjini Arusha kwenda kusini, ukapita Kwa Mrombo na Muriet, nyumba huanza kuachana na udongo hugeuka mweusi, ule unaoganda viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Nyuma yako Mlima Meru umesimama na mawingu yake. Mlima ndio unaopata mvua ya uhakika. Tambarare tunapata kilichobaki. Mwaka mzuri ekari ya Terrat itakupa gunia kumi, hata zaidi ukiweka mbolea. Mwaka mbaya itakupa tatu, na nimewahi kuona mashamba ambayo watu waliyaachia ng'ombe bila kuvuna hata debe.

Hakuna aliyeichagua tambarare hii kwa kulima akiwa na nafasi mlimani. Waarusha walitoka Arusha Chini katika miaka ya 1830 wakapanda kukaa upande wa kusini-magharibi wa Meru, na Wameru walikuwa wamekwisha kukaa upande wa kusini-mashariki. Ardhi ilipatikana kwa kufyeka msitu. Kila rika la vijana lilipomaliza umorani lilisogeza mipaka, juu kuelekea msituni au pembeni kuvuka korongo, na kijana aliyekosa sehemu alikwenda kwa mjomba au kwa mwenzake wa rika kuomba kipande cha kulima. Wazee walionisimulia mambo haya walisema aliyeomba alikwenda na pombe. Baada ya kuvuna alirudi na pombe nyingine, au na mzigo wa mahindi, akashukuru. Ikiwa hakuvuna kitu, alikwenda mikono mitupu akaeleza, na yule aliyempa ardhi alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba mvua haikunyesha. Madai yakitokea yalipelekwa kwa laigwanani, msemaji wa rika, na wenzao wa rika wakakaa chini ya mti wakayazungumza. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya kazi huku katika miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1963, juu ya namna Waarusha wanavyomaliza magomvi kwa mazungumzo, na mengi ya magomvi aliyoyafuatilia yalikuwa ya ardhi. Kwa wakati huo ardhi mlimani ilikuwa imekwisha kuwa haba, na uhaba huo ulitengenezwa na watu.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani walijibu kwa majeshi kutoka Moshi, chini ya Kapteni Johannes, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe, na watu wengi wakafa. Mwaka 1900 boma la Arusha lilijengwa, na wenyeji ndio waliobebeshwa mawe. Baada ya hapo walikuja walowezi: Makaburu kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1904 na 1905, Wajerumani wenyewe, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoyauza mashamba ya Wajerumani, wakaja Wagiriki na wengineo. Mashamba hayo yaliushika mlima kiunoni. Juu yake ulikuwa msitu wa hifadhi usioruhusiwa kulimwa, chini yake mashamba ya kahawa na mkonge, na katikati watu waliozidi kuongezeka kila mwaka. Aliyetaka kuteremka tambarare kulisha ng'ombe wake alipaswa kupita kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Ndipo watu wa huku walipoonja kwa mara ya kwanza kulipia ardhi. Walowezi waliwaachia wenyeji na wageni vipande vya kulima mahindi ndani ya mashamba yao, na malipo yalikuwa kazi. Ulipewa kadi ya kazi, iliyoitwa nayo kipande, yenye siku 30, kila siku ya kazi ikakatwa, na siku zako zikiisha ndipo ulipolipwa ujira mdogo na kuendelea kukaa. Mahindi yako yakinyauka, siku zako 30 zilibaki zile zile. Nilipokuwa nikifundisha mada ya uchumi wa kikoloni wanafunzi waliandika neno "maskwota" daftarini na kuendelea mbele. Nilikuwa nawasimamisha hapo, kwa sababu wengi wao walikuwa wajukuu wa watu hao.

Kahawa ndiyo iliyomaliza kazi. Wameru na Waarusha walianza kuilima kwa wingi baada ya walowezi, na walifanya vizuri. Lakini mgomba na mbuni vikishapandwa havihami, na kila ekari ya mlimani iliyoingia kahawa ilikuwa ekari moja iliyotoka kwenye mahindi. Familia zikawa na makazi mawili: nyumba, migomba na kahawa juu, mahindi na maharage chini. Hivyo ndivyo tambarare za kusini, Terrat ikiwamo, zilivyogeuka kutoka malisho kuwa mashamba ya nafaka. Waliotangulia kuteremka walishika eneo kubwa kwa kufyeka tu, kama babu zao walivyofanya mlimani. Watoto na wajukuu wao ndio wenye mashamba ninaokodi kwao leo.

Habari ya Wameru kunyang'anywa ardhi Ngare Nanyuki nimeifundisha kila mwaka, na siwezi kuipita hapa kimya ingawa ilitokea upande wa pili wa mlima. Jaji Mark Wilson aliongoza tume ya ardhi za Arusha na Moshi iliyopendekeza mwaka 1947 kwamba eneo la wazungu liunganishwe. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika mashamba namba 31 na 328, nyumba zao zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York akaeleza. Ardhi haikurudishwa wakati huo. Ila kuanzia hapo kila mtu wa Meru na Arusha alijua kwamba kulima mahali hakukupi mahali hapo, na woga huo haujatutoka. Mwenye shamba wa Terrat anayekataa kukukodisha zaidi ya msimu mmoja haongozwi na tamaa tu. Anaogopa kwamba ukilima miaka mitano mfululizo utasema ni pako.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kuruhusu ardhi imilikiwe kwa kuuzwa na kununuliwa moja kwa moja, aliandika kuipinga, akionya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa wachache wenye fedha watainunua na wananchi watabaki wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa aina hiyo ulifutwa na kugeuzwa kuwa upangaji kutoka serikalini. Huko Bukoba nyarubanja, ambapo mlimaji alimlipa mwenye ardhi kizazi hadi kizazi, ilibomolewa kwa sheria kuanzia 1965. Kisha Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na lilizaliwa hapa hapa mjini kwetu, Kaloleni. Kiongozi hakuruhusiwa hata kuwa na nyumba ya kupangisha. Kuishi kwa kupokea pango kulihesabiwa kuwa unyonyaji.

Kukodisha mashamba hakukukoma Terrat, lakini kulirudi kwenye sura ya zamani. Mtu aliyekuwa na ekari nyingi kuliko nguvu zake alimpa jirani alime, na mavuno yakija wakagawana. Wengine waligawana nusu kwa nusu, mwenye shamba akichangia mbegu. Wengine walipatana gunia moja kwa ekari. Haikuandikwa. Tena mahindi yenyewe hayakuwa na soko la kukimbilia: Shirika la Usagishaji la Taifa lilikuwa mnunuzi pekee halali, kwa bei moja nchi nzima, na ukikutwa barabarani na magunia bila kibali yalikamatwa. Kiwango cha nafaka ambacho mtu binafsi aliruhusiwa kusafirisha kilipandishwa hadi kilo 500 mwaka 1984, na mwaka 1987 kizuizi kiliondolewa. Nawaomba vijana wanaodhani bei za kukodi zilipandishwa na madalali wautazame vizuri mwaka huo wa 1987. Siku mahindi yalipopata bei huria, udongo unaoyaotesha nao ulipata bei.

Nilianza kukodi miaka michache baada ya hapo. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata kufika katikati ya mwezi. Aliyenikodisha alikuwa mjane mzee, nikimwita Yeyo kama alivyoitwa na wote, mwenye shamba pana karibu na korongo na wanawe wakiwa mbali machimboni Mirerani. Tulipatana gunia moja kwa kila ekari, baada ya kuvuna. Nilipomuuliza kama tuandike, alinitazama kwa mshangao.

"Mwanangu, ukivuna utanikumbuka," alisema. "Usipovuna, nitakuwa nimekuona."

Na kweli alikuwa ananiona. Alipita shambani kila wiki na fimbo yake, akang'oa magugu aliyoyaona njiani, akaniambia wapi maji yanatuama. Mwaka mmoja masika ilikatika katikati ya Aprili, mahindi yakiwa bado hayajabeba, na nilipompelekea madebe mawili badala ya gunia alinirudishia moja nikapande msimu ujao. Simsimulii ili kumfanya malaika. Alikuwa na hesabu zake: mkulima akishindwa kabisa, mwaka unaofuata shamba lingekaa bila mtu, likaota michongoma. Alikuwa na sehemu yake katika mvua, ndiyo maana alikuja kila wiki.

Tulichopoteza ni hicho, na kilipotea taratibu kwa sababu ambazo kila moja peke yake ilikuwa njema.

Ya kwanza ni shule. Kuanzia mwaka 2004 serikali ilianza mpango mkubwa wa elimu ya sekondari, na kila kata ikajengewa sekondari yake. Nilishuhudia madarasa yakipanda na watoto wa wafugaji wakivaa sare kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Ni kati ya mambo makubwa niliyowahi kuona. Lakini ada ya shule ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka wakati huo, pamoja na sare, madaftari, michango na dawati, vyote vilidaiwa Januari. Hata baada ya ada kufutwa mwaka 2016, michango na sare vilibaki, na walioweza walianza kupeleka watoto shule binafsi zenye ada kubwa zaidi. Mwenye shamba aliyezoea kupokea gunia Agosti alijikuta anahitaji fedha taslimu Januari. Aliuza mbuzi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akamwambia mkulima: nipe mapema, nitakupunguzia kidogo. Punguzo hilo la kulipa mapema lilidumu misimu kadhaa, kisha likasahaulika, na kulipa mapema ndiko kukawa desturi.

Ya pili ni sheria na mji. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zilianza kutumika Mei 2001, zikatamka wazi kwamba ardhi ina thamani yake. Wakati huo huo Arusha ilikuwa inateremka kuja kwetu. Manispaa ikawa Jiji, vijiji vya pembeni vikawa mitaa, na Terrat leo ni kata ya jiji, yenye wenyeviti wa mitaa na mihuri yao. Muhuri huo ndio tunaougonga kwenye makubaliano ya kukodi. Lakini mtu anayepima kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini anaweza kumlipa mwenye shamba kwa siku moja fedha ambayo mimi na mahindi yangu hatutamlipa kwa miaka mingi. Kila kipande kinachokatwa kuwa viwanja kinapunguza ekari za kulima, na ekari zinazobaki zinagombewa na watu wale wale, na wengine wapya juu yao. Barabara ya mchepuo ya kilometa 42.4 kutoka Usa River hadi Kisongo imevisogeza viwanja hata zaidi. Tangu uwanja wa mpira wa AFCON 2027 uanze kujengwa kata ya Olmoti, ndani ya jiji hili hili, sijamsikia mwenye shamba anayekubali kuandikiana zaidi ya msimu mmoja. Anataka shamba liwe tupu mnunuzi akitokea.

Watu wapya nao wana sababu zao. Wana-Apolo, wachimbaji wadogo wa Mirerani, waliopata tanzanite walikuja na hela mkononi na kulipia ekari nyingi kwa mkupuo. Mwaka 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya corona, madereva na waongoza watalii wengi wa Arusha waligeukia kilimo, kwa kuwa mahindi hayahitaji ndege kutua KIA. Siwalaumu hata kidogo, wana watoto. Ila mtu anayelima kwa akiba ya kazi nyingine anaweza kulipa bei ambayo mtu anayelima ili ale hawezi, na bei ikishalipwa na mmoja inakuwa bei ya wote.

Mwaka niliouona mpango huu wa kulipa mapema ukionyesha sura yake yote ni 2017. Vuli ya 2016 ilikuwa mbaya na nchi ilikuwa na wasiwasi wa njaa. Gunia la mahindi lilivuka shilingi 100,000 katika masoko ya Arusha. Wenye mashamba nao wanakula mahindi, wanaijua bei ya soko la Kilombero mjini kama mtu mwingine yeyote, na Januari hiyo walitaja bei ya kukodi kwa kutazama gunia la siku hiyo. Tulilipa. Ungekuwa wewe ungelipa, mahindi yakiwa juu namna ile. Masika ikanyesha kwa kusuasua, na ndani ya mahindi yetu wakaingia viwavijeshi vamizi, wadudu waliotoka bara la Amerika na walioonekana Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka huo huo. Tulinunua dawa, tukanyunyiza, tukanunua nyingine. Kisha mwishoni mwa Juni, siku za Idd, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi. Atakayetaka kuuza nje asage kwanza auze unga. Kwa mkulima wa Arusha soko la nje ni Namanga, mwendo wa saa mbili. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni mbele ya maghala ya watu binafsi hayakuonekana tena.

Nia ya serikali ilikuwa chakula kibaki nchini, na mwenye njaa hana sababu ya kuipinga. Marufuku ya namna hiyo ilikuwapo 2011 pia, kwa sababu hizo hizo. Lakini katika shamba nililolilipia kwa bei ya gunia la Januari nilivuna mahindi niliyoyauza, mengine mwaka uliofuata kabisa, kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na kwa lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, maana mnunuzi akiwa mmoja na wauzaji kumi hakuna anayetaja sheria ya vipimo. Nilikwenda kwa mwenye shamba. Yeyo alikuwa ameshafariki. Huyu alikuwa mzee mwingine, mtu wa heshima kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa. Najua ulichojia."

Nilimweleza. Sikuomba fedha irudi. Niliomba msimu unaofuata anipunguzie nusu. Alinyamaza kitambo.

"Mwalimu, mpaka sikuufunga mimi," akasema. "Na mvua si yangu. Langu ni shamba, na shamba nilikupa."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Fedha niliyompa Januari ilikuwa imelipa ada ya mjukuu wake siku ile ile, na hakuwa na nyingine. Ubaya wenyewe uko katika mapatano, kwamba mvua, wadudu, mpaka na bei vyote vinne vimewekwa upande mmoja wa karatasi, na upande mwingine kuna saini tu.

Kinachofanya jambo hili liwe gumu zaidi ni kwamba bei ya kukodi hupanda haraka na kushuka kwa kuvutwa. Katika hili hatuko peke yetu. Huko Iowa, jimbo linaloongoza kwa mahindi Marekani, baada ya ukame wa 2012 bei ya mahindi ilipanda sana na wastani wa kodi ya ekari ukafika dola 270 mwaka 2013. Ndani ya miaka michache bei ya mahindi ilianguka kwa karibu nusu. Kodi ya ekari mwaka 2017 ilikuwa bado dola 219. Wakulima wale wana bima, wana mikopo, wana trekta zinazoongozwa na setilaiti, na bado walibanwa katikati. Kule nako zamani watu wengi waligawana mavuno na mwenye shamba, na desturi hiyo imeendelea kupungua mbele ya kodi ya fedha taslimu.

Mkulima wa Terrat hana mahali pa kushika. Benki kubwa zimeshusha riba ya mikopo ya kilimo katika miaka ya karibuni, na ni jambo la kushukuru, lakini dhamana inayotakiwa ni hati, na hati, kama ipo, ni ya mwenye shamba. Ruzuku ya mbolea iliyoanza Agosti 2022, iliyoshusha mfuko wa DAP hadi shilingi 70,000, ilitusaidia kweli. Ila ukisikia mwenye shamba anasema "mbolea imeshuka, kwa hiyo unaweza kuniongeza" ndipo unajua ruzuku inaishia wapi. Wanaokosa fedha ya Januari huikopa VICOBA, au huuza mahindi yakiwa bado shambani. Mfanyabiashara anakupa fedha Februari, wewe utampa magunia Agosti, na anayapata kwa bei ambayo hungemuuzia ndugu yako. Mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022 ukame ulipoua ng'ombe Simanjiro na Longido, nilijua watu waliodaiwa magunia ambayo hayakuota.

Hata mabua yameingia kwenye mapatano. Nilipoanza, baada ya kuvuna shamba lilikuwa la ng'ombe wote. Mchungaji yeyote aliingiza kundi lake na hakuna aliyemzuia. Sasa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mjini na mlimani hununua mabua kwa pikapu, na maganda ya maharage hupata bei nzuri zaidi. Mwaka wa ukame mabua yanaweza kuwa ndiyo kitu pekee kinachouzika shambani. Mwenye shamba anasema yameota kwenye udongo wake. Mkulima anasema ni mbegu yake na mbolea yake. Nimesuluhisha ugomvi wa mabua kati ya watu wazima waliokuwa tayari kwenda baraza la kata. Nilianza kuona hapo, katika kitu hiki cha mwisho kilichobaki bila mwenyewe, kwamba bado kuna cha kugawana.

Wengine wamehama. Wanakwenda kukodi Simanjiro, ambako ekari ni nafuu na mvua ni haba zaidi, na ambako kuna Terrat nyingine, isiyo hii yetu. Kijiji hicho kiliingia mapatano katika miaka ya 2000 na kampuni za utalii zilizokubali kukilipa kila mwaka ili uwanda wake usilimwe, wanyama wa Tarangire wapate pa kuzalia wakati wa masika. Sina neno baya juu ya mapatano hayo. Malisho yamebaki malisho. Lakini mkulima aliyesukumwa na viwanja upande wa huku na kukuta uwanda umefungwa upande wa kule ana haki ya kuuliza alime wapi.

Msimu huu nilikwenda kwa mzee yule yule na karatasi niliyoiandika mwenyewe. Nilipendekeza nusu ya bei ilipwe Januari, kwa ajili ya shule, na nusu ya pili ilipwe kwa mahindi baada ya kuvuna: gunia mbili kwa ekari nikivuna gunia nane au zaidi, moja nikivuna kati ya nne na nane, na chini ya nne nisitoe kitu. Magunia yahesabiwe shambani, yeye au mtu wake akiwapo, bila lumbesa. Aliisoma mara mbili, akamwita mjukuu wake wa kidato cha tatu naye akaisoma kwa sauti. Akauliza atajuaje nimevuna ngapi. Nikamwambia aje shambani, kama Yeyo alivyokuwa akija. Akasema magoti yake yanauma, atamtuma kijana. Kisha akaongeza sharti moja, kwamba mabua yote yawe yake. Tulibishana kidogo juu ya maganda ya maharage, yakabaki kwangu, na tukaenda kwa mwenyekiti kugonga muhuri.